Kompyuta ya mwanafunzi wa grafiki kwa bajeti ya laki saba na nusu: anzeni na kioo

Wakuu, habari za wakati huu.

Vyuo vikikaribia kufungua, ujumbe ni ule ule: "Mwanangu anakwenda kusoma grafiki, nina laki saba na nusu, nimnunulie kompyuta gani?" Kazi yangu ni kudizaini na kuandaa kazi za kuchapwa hapa Dar: vifungashio, mabango, vitabu, kadi. Vijana wa mafunzo kwa vitendo wanapita mezani kwetu kila mwaka, na wengi wao wanacheleweshwa na mashine wakati kichwani wako vizuri kabisa. Inaniuma kuona mzazi amejinyima, halafu kijana anakaa dakika nzima akisubiri faili lifunguke. Ndiyo maana naandika yote mahali pamoja, mtu asome kabla hajaingia Kariakoo.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa hela hiyo, nunua mashine iliyotumika ya daraja la ofisi, yenye kioo cha IPS (aina ambayo rangi hazigeuki kirahisi ukikiangalia kwa pembeni) cha pikseli 1920 kwa 1080, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) inayoweza kuongezwa, na prosesa ya Intel ya gen 8 (kizazi cha nane) au zaidi. Dukani utavutwa kwa stika ya i7 na kwa neno "mpya". Vyote viwili visikutoe kwenye mstari.

Tuanze na mpya. Laptopu mpya ya bei hiyo mara nyingi ni Celeron (prosesa dhaifu), RAM 4GB iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya polepole ya eMMC ya 64GB au 128GB. Inafaa kuandikia barua. Adobe wenyewe wameandika kwamba Photoshop, programu yao ya kuhariri picha, inataka RAM isiyopungua 8GB na wanapendekeza 16GB. Ikiwa 4GB imechomelewa na hakuna nafasi ya kuongeza, hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Kwa nini RAM inaliwa hivyo? Chukua bango la A3 kwa 300 dpi (nukta kwa kila inchi). Hilo ni pikseli 3508 kwa 4961, yaani kama milioni 17.4. Kwa CMYK (rangi nne za uchapaji) ya kawaida kila pikseli inachukua baiti nne, kwa hiyo leya (tabaka) moja iliyojaa ukurasa wote ni takribani MB 70. Weka leya ishirini za namna hiyo, umeshafika GB 1.4. Ongeza kumbukumbu ya hatua ulizopiga (ile inayokuwezesha kurudi nyuma), Windows yenyewe, Chrome yenye tabu za mafunzo, na WhatsApp ambako mteja anatuma marekebisho. 8GB imekwisha. RAM ikiisha, Photoshop inaanza kuandika kwenye diski, na kama diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, hapo ndipo kijana anaanza kuinuka kwenda kunywa maji kila akibonyeza kitu. SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ni lazima, hata ya 256GB, na faili za zamani ziende kwenye diski ya nje.

Prosesa nitaipita haraka, maana ina jambo moja tu la msingi. Soma namba inayofuata baada ya kistari. i7-7600U ni gen 7, i5-8250U ni gen 8. Kwenye laptopu nyembamba za gen 7, i5 na hata i7 hizi za herufi U zina koa (viini vya kufanyia kazi) mbili tu. Gen 8 ndipo Intel walipopanda hadi koa nne. Kwa hiyo i5 ya gen 8 inaishinda i7 ya gen 7 kwenye kazi nyingi, na mara nyingi bei yake haiko mbali. Pia Windows 11 kwa kawaida inakubali rasmi kuanzia gen 8, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kumnunulia mwanafunzi wa miaka mitatu mashine ya gen 6 leo ni kumwachia tatizo njiani.

Sasa kioo. Hapa naomba msome taratibu.

Vioo vya laptopu za ofisi viko vya aina nyingi ndani ya modeli ile ile. Mashine mbili zenye jina moja, rangi moja na bei moja zinaweza kuwa na vioo viwili tofauti kabisa. Cha chini ni TN cha 1366 kwa 768. Ukikiinamisha kidogo tu rangi zinageuka, na kwa upana huo paneli za Illustrator (programu ya kuchorea ya Adobe) zinakula karibu nusu ya eneo la kazi. Cha kati ni IPS cha 1920 kwa 1080 chenye kile wanachokiita 45% NTSC, ambacho kinaonesha kama asilimia 60 na kidogo ya rangi za sRGB (kipimo cha kawaida cha rangi za vioo). Kizuri ni cha 72% NTSC, ambacho kinakaribia sRGB yote.

Kwa mtu wa hesabu za mauzo tofauti hiyo haina maana. Kwa dizaina ina maana kubwa. Juzi kijana alileta lebo ya achari ya embe. Kwenye kioo chake njano ilionekana imefifia, hivyo akaongeza ukali wa rangi, bado imefifia, akaongeza tena. Tulipoifungua kwenye kioo chetu ilikuwa njano inayochoma macho na nyekundu ya pilipili imeungana kuwa bonge moja, vivuli vyote vimepotea. Jicho lake lilikuwa sahihi. Lilikuwa linasahihisha kioo. Mwanafunzi akikaa miaka mitatu hivyo, anajifunza rangi kwa kipimo kilichopinda.

Jaribio la dukani halina gharama. Weka kwenye simu picha ya uso wa mtu mweusi iliyopigwa vizuri, ihamishie kwenye mashine, ijaze kioo chote. Inamisha mfuniko mbele na nyuma. Ngozi ikiwa nyeusi tii au ikigeuka kama hasi ya picha, ni TN, iache. Halafu fungua mteremko wa rangi kutoka nyeusi kwenda nyeupe. Ukiona mistari mipana kama ngazi badala ya mteremko laini, kioo hicho kitamdanganya kwenye vivuli. Kisha jaza nyeupe tupu utafute madoa na kona zilizofifia.

Tahadhari moja kwa wapenzi wa HP EliteBook: baadhi zina kioo cha faragha kinachoitwa Sure View, kilichotengenezwa ili jirani wa kwenye ndege asisome barua zako. Kina kitufe cha kukizima, lakini hata kikizimwa hakilingani na IPS ya kawaida ukikiangalia kwa pembeni. Kwa mhasibu ni kizuri. Kwa dizaina, kataa.

Modeli ninazowapa watu kwa bajeti hii ni Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 au 7490. Zote zipo za gen 8 (lakini zipo pia za gen 7, soma namba). Nikilazimishwa kuchagua moja kwa kijana anayeishi geto, nachukua T480. Ina nafasi mbili za RAM, na ina betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma inayochomoka. Unaweza kubadilisha ya nyuma bila kuzima mashine, na kuna ya nyuma kubwa ya 72Wh. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia kuwasilisha kazi, hilo ni jambo kubwa. Msichanganye na T480s, ambayo ni nyembamba na RAM yake sehemu imechomelewa, wala X1 Carbon, ambayo RAM yote imechomelewa.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

Mzazi wa Tabata: Asante sana kaka kwa elimu hii. Binti yangu atakuwa anatoka nyumbani kila siku, na chuoni wana maabara. Je, kompyuta ya mezani haiwi nafuu zaidi?

Mleta uzi: Dada, swali zuri, na kwa hali yako jibu langu linabadilika. Kama chuoni kuna maabara anayoweza kuitumia kweli (muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili, siyo ofisi ya udahili), kompyuta ya mezani inakupa zaidi kwa kila shilingi. Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 zina prosesa za gen 8 za mezani, i5-8500 ina koa sita, na RAM unaongeza kwa kufungua mfuniko tu.

Faida kubwa ni kioo. Tafuta kioo cha ofisi kilichotumika cha inchi 24. Dell U2412M, kwa mfano, ni IPS, kina 1920 kwa 1200, na rangi zake zinakaribia sRGB yote. Kioo cha umri huo kinaweza kuwa kimefifia mwanga, kwa hiyo kiwashe na ukiache dakika kumi kabla ya kukihukumu.

Usisahau UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika). Bila UPS, umeme ukikatika kazi isiyohifadhiwa imekwenda na SSD inaweza kuumia. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na kibodi na mausi.

Na kama baadaye atapata laptopu, kioo hicho hicho anakichomeka kwenye laptopu. Ndiyo maana hata kwa wenye T480 yenye kioo cha 45% nawaambia: mwaka wa pili ongeza kioo cha nje, tatizo la rangi litakuwa limepona nyumbani.

dizaina_mpya: Mkuu mimi nimeambiwa na kaka yangu kwamba dizaina lazima awe na MacBook. Kuna MacBook Air ya 2017 nimeiona, imenyooka, inang'aa. Vipi?

Mleta uzi: Iache mdogo wangu. MacBook Air ya 2017 ina kioo cha TN cha 1440 kwa 900, prosesa ya koa mbili, na RAM 8GB iliyochomelewa. Umbo ni zuri, ila T480 yenye IPS itakufanyia kazi vizuri zaidi. Na MacBook Pro za 2016 hadi 2019 nyingi zina ile kibodi ya butterfly inayogoma ikiingia vumbi, na sisi vumbi tunalijua.

MacBook inayostahili hela ni Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Kioo chake ni 2560 kwa 1600, kinavuka sRGB hadi P3 (wigo mpana zaidi wa rangi), haina feni, na chaji inakaa. Ukiwa na uwezo wa kufika huko, nunua kwa moyo mweupe, ukijua tu kwamba RAM ya siku ya kwanza ndiyo ya siku ya mwisho. Ila kabla hujatoa hela, muuzaji aifute mbele yako na uianzishe upya ikiwa kwenye intaneti. Ikikuomba akaunti ya iCloud ya mtu mwingine, au ikionesha kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, ondoka. Kifaa hicho kinaweza kufungwa siku yoyote.

Fundi wa Mwanza: Uzi mzuri mkuu, ila napingana nawe sehemu moja. Umeongea kioo na RAM, GPU umeiruka kabisa. Wanafunzi wa siku hizi wanafanya animesheni na 3D. Bila kadi ya grafiki Blender inawatesa.

Niongeze upande wa ufundi: mashine za makampuni zinakuja na neno la siri la BIOS (mipangilio ya ndani inayotangulia Windows). Mteja abonyeze F1 au F2 au F10 wakati wa kuwasha, aone kama anaingia. Akidaiwa neno la siri na muuzaji halijui, asinunue. Na RAM iwe vipande viwili, 8+8, siyo kimoja cha 16, kwa sababu grafiki ya ndani ya Intel inakopa RAM hiyo hiyo na inanufaika na njia mbili.

Mleta uzi: Fundi, la BIOS na la njia mbili nakuunga mkono mia kwa mia. La GPU, nalijibu kwa kugawa kazi. Nembo, mabango, vitabu, kadi, picha za mitandao, kurasa za Figma (programu ya kudizaini tovuti na app): grafiki ya ndani ya UHD 620 inatosha. Mwaka wa kwanza wa kozi nyingi ndiyo kazi hizo. After Effects na Blender ni habari nyingine, na hapo nakubaliana nawe kabisa.

Anayejua tangu mwanzo kwamba anakwenda kwenye animesheni, asubiri aongeze bajeti kuelekea milioni na zaidi, atafute mashine za daraja la kazi nzito: Dell Precision 5520 au 5530, HP ZBook 15, ThinkPad P51 au P52. Zina kadi za NVIDIA Quadro, na nyingine zina vioo vya heshima. Precision 5520 ilitoka na kioo cha 1080 kinachokaribia sRGB yote, au cha 4K kinachofika AdobeRGB, wigo mpana kuliko sRGB.

Kwenye hizo Precision nyembamba kagua betri kwa vidole. Weka mashine mezani ikiwa imefungwa: ikichezacheza, au ukifungua ukakuta padi ya kugusia imeinuka upande mmoja au haibonyei, betri imevimba chini yake. Betri iliyovimba haitumiki hata siku moja, inabadilishwa kwanza.

Msomaji wa Nairobi: Huku kwetu, Luthuli na Moi Avenue, zimejaa ex-UK (zilizotumika Uingereza). Ushauri wako unafanya kazi vile vile. Ningeongeza tu kuhusu kibodi, kuna watu wanauziwa za Ujerumani na hawaelewi mpaka wafike nyumbani.

Mleta uzi: Umenikumbusha jambo la maana. Nyingi zinazoingia huku zimetoka ofisi za Ulaya. Kibodi ya Kijerumani Z na Y zimebadilishana nafasi. Ya Kifaransa A na Q zimebadilishana, na Z iko alipo W. Unaweza kuweka Windows isome kwa mpangilio wa Kimarekani, lakini herufi ulizochapiwa hazitalingana na zinazotoka. Mtu wa grafiki mkono wake wa kushoto haubanduki kwenye Ctrl+Z, Ctrl+A, V, B. Kama anaandika bila kuangalia, atazoea. Kama ndiyo anaanza, tafuta ya Kiingereza, au mwambie muuzaji abadilishe kibodi na bei ibaki. Stika za kubandika juu zinachakaa haraka kwa vidole.

Kuhusu hali ya betri kwa jumla: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa wa kujaa. Ikiwa umebaki nusu, betri mpya iingie kwenye majadiliano ya bei. Na SSD ipime kwa CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski. Programu hiyo utaiweka kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: Samahani wakubwa. Mashine ninayo tayari, EliteBook 840 G5, 16GB. Shida ni programu. Adobe ya kulipia kila mwezi siwezi, na ya crack niliyopewa hosteli antivirus inalia.

Mleta uzi: Hongera kwa mashine mdogo wangu, iko vizuri. Hiyo crack ifute leo. Zinakuja na vitu vinavyoiba maneno ya siri, na mwanafunzi anayepoteza akaunti ya barua pepe anapoteza kazi zake zote na namba za wateja wake.

Tangu tarehe 30 Oktoba 2025 Affinity inatolewa bure. Canva waliinunua mwaka 2024, na sasa unahitaji akaunti yao tu. Kinacholipiwa ni vifaa vya akili mnemba. Ndani ya programu moja unapata picha, vekta (michoro isiyopoteza ubora ikikuzwa) na upangaji wa kurasa, na CMYK inaishughulikia sawasawa. PDF inayotoka huko naichapa bila shida. Ukiletewa PSD (faili la Photoshop) na mwenzako, Photopea inaifungua ndani ya kivinjari. Kwa kuchora kwa mkono, Krita. Kwa vekta, Inkscape. Figma nayo inaanza bure.

Mwalimu akitaka mtihani ufanyike kwenye Illustrator, fanyia maabara. Kalamu, maumbo ya msingi, gridi na nafasi baina ya herufi utakuwa umeshavijua. Utahangaika siku chache kutafuta vitufe viko wapi, basi.

Na hela uliyookoa, nunua mausi nzuri, halafu ukipata nyingine nunua kibao cha kuchorea cha bei ya chini. Huion H640P au Wacom Intuos ndogo inatosha. Kukata picha kwa padi ya kugusia kunaumiza kifundo cha mkono.

Mzazi wa Tabata: Kaka, nimerudi. Binti amepata nafasi hosteli, kwa hiyo ni laptopu. Leo nimeonyeshwa T480, i5-8350U, RAM 8GB kipande kimoja, SSD 256GB, laki sita na themanini. Nilifanya jaribio lako la picha ya uso. Nikiinamisha mfuniko, uso unakuwa mweusi. Muuzaji anasema ndivyo zilivyo zote.

Mleta uzi: Dada umefanya kazi nzuri sana. Siyo zote. Hiyo uliyoonyeshwa ni ya TN, na bila shaka ukiangalia kwenye mipangilio ya kioo utakuta 1366 kwa 768.

Una njia mbili. Ya kwanza, zunguka maduka mengine ya jirani uulize T480 yenye "Full HD IPS", na uifanyie jaribio lile lile. Zipo nyingi, na tofauti ya bei huwa si ya kutisha. Ya pili, kama hiyo mashine ni safi kwa mengine yote (bawaba zimekaza, milango ya USB-C yote miwili inachaji, BIOS inafunguka), kioo cha T480 kinabadilishika. Cha 1080 kinatumia kebo ile ile ya pini 30 iliyopo, kwa hiyo fundi anabadilisha kioo peke yake. Mwambie muuzaji afunge kioo cha IPS cha 72% kabla hujalipa, ujaribu hapo hapo, na bei mpya iandikwe kwenye risiti ya EFD pamoja na namba ya mashine na muda wa warantii.

RAM, omba aongeze kipande cha pili cha 8GB sasa hivi ndani ya makubaliano hayo hayo. Bei za RAM zimepanda duniani tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikikimbilia seva za akili mnemba, kwa hiyo kusema "tutaongeza baadaye" kunaweza kukugharimu zaidi. Akikataa kioo na RAM vyote viwili, mshukuru, ondoka, na kesho nenda asubuhi wakati maduka hayajajaa, uwe na muda wa kuwasha mashine tatu au nne uziweke sambamba juu ya kaunta.

Ukipata nyingine, tuma hapa picha ya kioo ikiwa na ule mteremko wa nyeusi na nyeupe, pamoja na namba ya prosesa. Nitaangalia jioni nikitoka kazini.